Kufuli Tatu: Miezi Sita ya Kujitolea Kongwa Baada ya Miaka 11 ya Benki

Nimerudi Mombasa, na wiki nzima nimekaa na daftari langu la safari nikililinganisha na picha za simu ili tarehe zikae sawa. Wenzangu wa zamani kazini wameniuliza mengi, mengine ya nauli, mengine mazito zaidi. Nitaandika siku zile ambazo daftari lina maneno mengi. Zilizobaki zitapita.

Kabla ya safari

Miaka 11 nilifanya kazi ya mikopo benki, hapahapa Mombasa. Nilianzia kaunta, nikaishia msimamizi wa mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma faili na kuandika mwishoni ndiyo au hapana. Miaka minne ya mwisho sikuliona hata duka moja nililolikopesha wala nililolinyima. Siku moja ilinifikia faili ya muuza viazi wa soko la Kongowea. Karatasi moja ilikosekana, nikaandika hapana, nikashika faili nyingine. Jumamosi nilikwenda Kongowea na mama kama kawaida yetu, nikajikuta nawatazama wauza viazi mmoja mmoja usoni, nisijue ni yupi.

Shirika dogo la Dodoma, Tanzania, lilikuwa linatafuta mtu wa kujitolea anayezijua hesabu za mikopo na anayezungumza Kiswahili, akae kijijini wilayani Kongwa na vikundi vya kuweka na kukopa. Posho ya kujikimu ilikuwa shilingi 400,000 za Tanzania kwa mwezi, na chumba bure. Shilingi moja yetu ilikuwa kama 20 za kwao, kwa hiyo fanya 20,000 za Kenya. Mama alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Watu huvuka mpaka kutafuta kazi, mwanangu, wewe wavuka kuiacha." Kisha akanijazia kopo la achari ya maembe, akalifunga kwa kitambaa.

Kwa anayefikiria njia hii: maliza madeni yako kwanza, hata la sakosi. Weka kando pesa za miezi sita ya kuishi baada ya kurudi, maana kurudi ndiko kugumu. Uliza kwa maandishi nani atalipia bima ya afya. Na usiende kwa pasi ya mgeni ukidhani kwa kuwa sisi ni Afrika Mashariki basi yatosha. Anayejitolea Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, kilekile cha wanafunzi na watafiti, na shirika linalokupokea ndilo linaloanza kukiombea. Changu kilichukua wiki nyingi, nami sikutoka nyumbani mpaka nilipoambiwa kiko tayari.

Siku ya 1, Jumatatu 13 Januari 2025: Mombasa – Dar es Salaam

Basi liliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, likakaa foleni ya feri Likoni dakika 40. Lunga Lunga tulifika jua limeshakuwa kali. Kenya na Tanzania zinahudumia ndani ya jengo moja upande mmoja wa mpaka, unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili, wa kuingia dirisha lile. Kadi ya homa ya manjano waliitaka kweli. Kijana mmoja wa basi letu hakuwa nayo, na sote tulimngoja saa moja na robo. Hakuna aliyemsema vibaya. Abiria mmoja mzee alimwachia maji yake.

Pesa nilibadilisha kidogo tu pale mpakani, ya chakula na bajaji. Hesabu mwenyewe noti moja moja mbele ya anayekubadilishia, usikimbizwe na honi ya basi.

Muheza ni machungwa. Wavu mzima shilingi 3,000, na muuzaji anakimbia na basi mpaka akupe chenji yako. Jirani yangu kitini, mama wa Tanga anayeuza kanga Dar, alinimenyea chungwa moja bila kuniuliza kama nataka. Tulishuka Mbezi, kituo cha Magufuli, saa tatu na nusu usiku. Mama yule alikuwa amepokelewa na mwanawe, lakini hakuondoka mpaka alipozungumza na dereva wa bajaji, akaandika namba ya chombo kwenye kiganja chake, akamwambia dereva, "Huyu ni mwanangu, nimekujua." Jina lake sikuliuliza, na hilo bado linaniuma.

Siku ya 2 ilikuwa joto na laini ya simu.

Siku ya 3, Jumatano 15 Januari: Dar es Salaam – Dodoma kwa reli

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024. Nilikata daraja la kawaida kwa shilingi 31,000. Fika mapema, mizigo inapitishwa kwenye mashine, na jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Kwa basi ni karibu siku nzima. Kwa treni tulitumia kama saa nne.

Baada ya Morogoro nilihamia dirishani. Karibu na Kilosa treni inaingia mahandaki, giza, mwanga, giza tena, na watoto wa behewa letu wakawa wanapiga kelele za furaha kila tunapotoka. Mbele yangu aliketi mzee aliyestaafu kazi ya reli ya zamani. Alinionyesha chini bondeni njia ile waliyoijenga Wajerumani kuanzia Dar mwaka 1905, iliyofika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, akasimulia jinsi kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinavyosombwa na mafuriko. "Safari moja tulilala juu ya behewa siku tatu," akasema, na mkewe akamsahihisha kwa upole kwamba zilikuwa mbili.

Kutoka Gulwe nchi inabadilika. Milima inakaa mbali, udongo unakuwa mwekundu, mibuyu inaanza kusimama peke yake mashambani. Nilitarajia ukame mtupu, lakini Januari Dodoma ni kijani. Mvua hapa ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kila kitu kinafanywa haraka kabla haijaondoka.

Nililala gesti mtaa wa Makole kwa 30,000. Usiku upepo ulivuma juu ya bati mpaka nikavaa sweta. Mhudumu aliniambia Dodoma ni neno la Kigogo, idodomya, yaani pamezama, ndovu alizama hapo zamani. Kwake niliagiza, "Nipe chai." Akacheka kidogo, akaniletea. Asubuhi nilisema, "Naomba chai," kama nilivyowasikia wengine. Akaniongezea chapati.

Siku ya 4 ilikwisha ofisini kwa saini na utambulisho.

Siku ya 5, Ijumaa 17 Januari: Dodoma – Kongwa – kijijini

Barabara ya Morogoro, kupita Chamwino na Buigiri, kisha Mbande unaacha barabara kuu na kuingia ya Kongwa. Nauli 6,000 kwa hiace iliyotungoja ijae saa moja na nusu. Kongwa mjini nilikula ugali na mbuzi kwa 5,000, nikapanda bodaboda kwenda kijijini kwa 10,000. Jina la kijiji sitalitaja, kwa kuwa nitasimulia mambo ya watu.

Nusu ya njia tukakuta korongo, mto wa msimu, limeshuka. Asiyejua korongo la huku adhani ni mchanga tu, na siku nyingi ni mchanga kweli. Lakini mvua ikinyesha vilimani usikoiona, maji ya rangi ya udongo yanakuja na magogo. Tulisimama kundi la watu 15 upande wetu, ng'ambo nao wapo, tunapungiana mikono. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikaa chini ya mbuyu, akafungua kitambaa cha karanga za kukaanga, akapitisha kwa kila mtu, na mimi nikiwemo. Kila baada ya muda kijana mmoja aliingia na fimbo kupima. Mara ya kwanza maji yalimfika kiunoni, akarudi.

Tulingoja karibu saa nne. Yalipofika magotini, vijana wanne waliinua bodaboda nzima mabegani kwa 2,000. Nilipotoa yangu ya kuvushiwa begi walikataa. "Mgeni halipi korongo mara ya kwanza," akasema mmoja. Mara ya pili nililipa.

Utakayepita huku msimu wa mvua: ukiona maji yanabeba vijiti, usivuke hata dereva akikuhakikishia. Beba maji ya kunywa na kitu cha kutafuna, na usipange miadi jioni ile.

Nilifika usiku. Bibi mwenye nyumba alisimama mlangoni na koroboi, akanisalimu, "Mbukwenyi." Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu akasema tena, "Mbukwenyi," akangoja. Hakunifungulia mlango sawasawa mpaka nilipoirudisha salamu ya Kigogo. Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda wa kukausha. Ugali wa uwele ni wa kijivu na una harufu ya nafaka hasa, unashiba nao mpaka kesho. Nikatoa achari ya mama. Bibi alionja kwa ncha ya kidole, akafumba macho, akasema iwekwe juu kabatini isije ikaisha.

Siku ya 11, Alhamisi 23 Januari: mkutano wa kwanza

Nilikuwa nimeandaa faili ya kompyuta: majina, hisa, mikopo, riba, kila safu inajijumlisha. Kwa siku tano nilikuwa nimeipanga kwa moyo wote.

Kikundi kinakutana chini ya mkwaju saa kumi jioni, wanachama 30, wanawake 27. Wanakaa duara kwa namba zao, moja hadi thelathini. Katikati kuna mkeka, juu yake sanduku la chuma la bluu lenye kufuli tatu. Anayelitunza sanduku hana ufunguo. Funguo wanazo watatu wengine, wa vitongoji tofauti. Walisimama mmoja mmoja, wakafungua, wakarudi kukaa. Kufuli ya kati ina kutu, na mwenye ufunguo wake huja na tone la mafuta ya kupikia kwenye kizibo cha soda.

Kabla ya kifuniko kuinuliwa, Mama Mwenyekiti aliuliza juu ya mfuko wa kusaidiana wakati wa shida, "Mfuko wa jamii tuliacha kiasi gani?" Watu 30 wakajibu kwa sauti moja, "Elfu arobaini na mbili na mia tano!" Ndipo wahesabu fedha wawili wakahesabu. Ilikuwa hivyohivyo. Mwisho wa kila mkutano kiasi kinatangazwa, na kila mtu anakwenda nacho nyumbani kichwani, aje nacho wiki ijayo. Asiyejua kusoma anakumbuka sawa na katibu.

Kisha hisa. Hisa moja 2,000, mwisho tano kwa wiki. "Namba moja!" Anainuka, anaweka noti kwenye bakuli la plastiki, wahesabu wanasema kwa sauti, katibu anagonga mihuri kwenye kitabu chake, muhuri mmoja kwa hisa moja, anarudishiwa kitabu wazi ili jirani aone. "Namba mbili!" Noti zilinuka moshi na mafuta ya alizeti. Namba Saba aliweka hisa moja, akasema kwa nini moja, ingawa hakuna aliyemuuliza: mbuzi wake aliumwa. Namba Nane akamgusa bega.

Utaratibu huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima. Nilikuwa nimeusoma. Kuusoma na kuuona jioni moja havilingani. Benki tulikuwa na tabaka juu ya tabaka za kuzuia mtu asiibe, kamera, nywila, wakaguzi. Hapa kinga ni kwamba kila shilingi inapita mbele ya macho 60 na inatajwa kwa sauti.

Nilipoonyesha faili yangu ya kompyuta, walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Mama Mwenyekiti akauliza, "Dada, ikizima, nani atakumbuka?" Nikaifunga. Baadaye ilitumika kwa jambo moja, nitalisema.

Siku ya 34, Jumamosi 15 Februari: Kongwa na karanga

Mzee mmoja jirani alinipeleka kuona mabaki ya skimu ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikosa mafuta ya kula, serikali yake ikapanga kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, na mwaka 1947 walianzia hapa Kongwa. Walileta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Vichaka na mizizi ya mibuyu ikavunja majembe, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, mvua ikakosa. Januari 1951 wakafunga, zikiwa zimepotea kama pauni milioni 36. Mwaka 1964 na baadaye Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine, na mzee aliyakumbuka hayo vizuri zaidi, alikuwa kijana akiwauzia maziwa.

Nyumbani kwake alinitolea kipande cha chuma kizito, kimelainika kingo zote kwa kunolewa. Familia yao inasema ni cha trekta la skimu. Baba yake alikifanya fuawe ya kunyooshea majembe, na bado kinafanya kazi hiyo. Nilikishika mikononi muda mrefu. Mpango ule ulikuwa na hesabu safi, ramani, makadirio ya mavuno, saini za wakubwa. Ningepewa faili ile mezani kwangu Mombasa, karatasi zote zimo, ningeandika ndiyo. Usiku ule sikulala mapema.

Siku ya 60, Alhamisi 13 Machi: Ramadhani

Mwezi ulikuwa umeingia mwanzoni mwa Machi. Kijiji chetu karibu wote ni Waanglikana, Mwislamu mle ni mimi na fundi baiskeli mmoja. Bibi hakuwahi kupika futari maishani mwake, lakini kila jioni uji wa mtama ulikuwa tayari jua linapogusa vilima, na usiku alinigongea dirisha saa kumi ili nile daku. Hakuna aliyemwomba. Majirani walileta kwa zamu, mara viazi vitamu, mara choroko. Siku hiyo mmoja alileta zabibu nyeusi kutoka shamba la nduguye Hombolo, maana Machi ni mavuno. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Nilizifuturia pamoja na tende za mama zilizobaki.

Tukiwa bado jamvini akaja Namba Saba, kanga amejifunika mpaka machoni. Alikaa muda mrefu kabla ya kutoa karatasi. Ulikuwa mkopo wa mtaani, wanaouita kausha damu. Mbuzi walipokuwa wanaumwa na ada ya mtoto inadaiwa, alikwenda mjini akakopeshwa siku hiyohiyo bila maswali. Karatasi ilisema 200,000. Mkononi alipewa 180,000, kwa kuwa 20,000 ilikatwa ya fomu. Kurejesha, 35,000 kila wiki, wiki nane. Dhamana, vitu vyote vya ndani. Alikuwa ameshindwa wiki ya tatu.

Nilisoma karatasi ile mara mbili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike ambapo nilijua hasa nifanye nini. Nikachukua karanga za Bibi, nikasema kila moja ni elfu tano. Nikapanga 36 mstari mmoja, hizo ulizopewa mkononi. Chini yake nikapanga 56, hizo utakazorudisha. Akahesabu zilizozidi kwa kidole, polepole. Ishirini. "Kwa miezi miwili," nikasema. Nikampangia na mkopo wa kikundi chake, pesa ileile, asilimia 10 kwa miezi mitatu: karanga tatu, na ya nne nikaipasua. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Namba Saba alizitazama zile ishirini, akasema, "Hii ni mbuzi wangu mmoja na mtoto wake."

Hakuomba mkopo kikundini kwa sababu aliona aibu kuomba mbele ya watu 30. Hilo lilinipa funzo: kule kutajwa kwa sauti kunakolinda fedha ndiko kulikomfukuza yeye. Nilimwambia Mama Mwenyekiti faraghani, kwa ruhusa ya Namba Saba. Wiki iliyofuata kikundi kilipitisha utaratibu kwamba mwenye shida anaweza kuanza kwa viongozi watatu kabla ya duara. Namba Saba alikopeshwa, akamaliza deni lile. Nilikwenda naye kulipa. Tuliomba risiti, na ilichukua nusu saa kupewa.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa watu walinijia na karatasi zao. Nilizisoma zote, kwa karanga. Kama una ujuzi wa benki na unataka kuja huku, lete hilo: uwezo wa kusoma mkataba na kumwonyesha mtu bei halisi ya pesa. Na mwulize kila mkopeshaji leseni yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka awe nayo.

Aprili na Mei

Malaria siku nne Aprili, zahanati ya kijiji ikanitibu vizuri. Mei ni kuvuna, mikutano ilikuwa mifupi. Katika miezi hii ndipo faili ya kompyuta ilipofaa: sheria ile ya 2018 inaviweka vikundi vya kijamii daraja la nne na inataka visajiliwe, na vikundi vinne vilihitaji katiba, orodha na taarifa zilizochapwa. Kusajiliwa kunafungua pia mlango wa mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Safari za ofisini zilikuwa tano. Nenda asubuhi na nakala tatu za kila kitu.

Siku ya 158, Alhamisi 19 Juni: mgao

Mwaka wa kikundi ulifungwa. Mikopo yote ilirudi, na hisa ya 2,000 ikawa 2,460. Walihesabu kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, noti zikiwa zimefungwa kwa raba. Namba Saba alipokea karibu 187,000. Akawekeza hisa tano za mwaka mpya papo hapo. Kisha ngoma ya muheme ikatoka, wanawake wameibana ngoma kati ya magoti, na vumbi likapanda mpaka juu ya mkwaju.

Siku ya 176, Jumatatu 7 Julai: kuondoka

Korongo lilikuwa mchanga mkavu. Bibi alinirudishia kopo la mama, limejaa, limefungwa kwa kitambaa kilekile. Alinisindikiza hadi ng'ambo, akasimama pale tulipokuwa tumengojea maji.

Siku ya 177 na 178: Dodoma – Kondoa – Kolo

Nilichagua kurudi kwa njia ya kaskazini, lami tupu siku hizi. Nauli hadi Kondoa 12,000. Kondoa miaka ya sabini ilikuwa imechimbika kwa mmomonyoko. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa msaada wa Sweden, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Miti imerudi, unaiona dirishani. Mwenzangu kitini, Mrangi wa makamo, alisema ng'ombe wa baba yake walihamishwa mbali na baba hakupata kuwa tajiri tena. Yote mawili aliyasema kwa uzito sawa.

Kolo inastahili siku yako. Michoro ya miambani iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Anzia ofisini Kolo kupata mwongozaji, vaa viatu vya kupanda, na nenda asubuhi wakati jua halijauchoma mwamba. Watu wembamba wekundu, nywele zimetuna, mmoja wao ameshikwa mikono pande zote mbili. Mwongozaji alisema wenyeji bado wanakuja kuomba mvua pale Mongomi, mahali pamoja penye michoro hiyo.

Siku ya 179, Alhamisi 10 Julai: Kondoa – Babati – Arusha

Basi lilipata pancha mara mbili. Saa kumi jioni tulikuwa bado pembeni mwa barabara tumepita Babati, dereva na utingo chini ya gari, abiria wamekaa kwenye majani. Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Mama Mwenyekiti, na nyuma yake niliusikia ule ukimya wa duara kabla ya sanduku.

"Namba thelathini na moja," akasema. "Mfuko wa jamii tuliacha kiasi gani?"

"Elfu themanini na saba na mia tano," nikasema, na nikasikia kifuniko kikifunguliwa.

Siku ya 180, Ijumaa 11 Julai: Arusha – Holili – Voi – Mombasa

Hiace hadi Moshi, nyingine hadi Holili. Mpaka ule ni mwepesi, dakika 20, kisha Taveta hadi Voi basi la 600 za Kenya, na Voi hadi nyumbani gizani.

Mama alikuwa hajalala. Alilitambua kopo lake kabla ya kunisalimu vizuri. Akafungua kitambaa, akanusa karanga, akatia moja mdomoni, akauliza zimekaangwa na nani. Nikavua viatu, nikakaa chini kumsimulia.